USTAWI WA JAMII: Kwa nini haki ya mazingira na ujenzi wa amani vifunzwe pamoja

MAMA anapoambiwa hospitalini kwamba mwanawe ana risasi mwilini, jambo la kwanza linalomjia akilini ni bunduki. Atauliza aliyempiga ni nani, na lini, maana mtoto hana kidonda.

Kiswahili kimeyapa madini hayo mazito jina lile lile la kitu kinachotoka katika mtutu wa bunduki. Afisa wa ustawi wa jamii anayetumwa kumfafanulia mzazi huyo habari za sumu hiyo hana budi kuanza kwa kuzitenganisha maana hizo mbili. Akishamaliza, huenda akatambua kwamba swali la mama halikuwa la kijinga. Iwapo sumu imetoka katika kiwanda jirani, aliyempiga mtoto yupo, ana leseni, na kuna ofisi iliyompa leseni hiyo.

Swali hilo la mama ndilo kiini cha somo ambalo katika miaka ya karibuni limekuwa likipenyezwa katika mitaala ya vyuo vinavyofunza ustawi wa jamii katika mataifa mbalimbali: haki ya mazingira, na sambamba nayo ujenzi wa amani. Mara nyingi masomo haya mawili huwekwa katika vyumba tofauti, na wahadhiri tofauti. La kwanza huachiwa watu wa sayansi na la pili watu wa siasa. Matukio ya humu nchini yanaonyesha kwamba mgawanyo huo humwacha mwanafunzi na nusu ya elimu anayohitaji.

Haki ya mazingira si jina jingine la uhifadhi wa mazingira. Mhifadhi huuliza mto umechafuka kwa kiasi gani. Anayetafuta haki huuliza ni nani anayeishi kando ya mto huo, ni nani aliyefaidika na uchafuzi wake, ni nani aliyeshauriwa kabla ya mradi kuanza, na mbona jaa la taka halikupelekwa katika mtaa wenye nyua za maua na walinzi langoni.

Dhana hiyo ilipata umaarufu nchini Marekani mnamo 1982, wakati wakazi wa Warren County katika jimbo la North Carolina, wengi wao Weusi, walipolala barabarani kuyazuia malori yaliyobeba udongo wenye kemikali za PCB. Mamia ya watu walikamatwa na jaa likajengwa hata hivyo. Hata hivyo, kuanzia wakati huo ikawa vigumu kwa watunga sera kudai kwamba taka za sumu huangukia tu zinapoangukia.

Ujenzi wa amani nao si kuwatenganisha wanaopigana na kisha kurudi nyumbani. Mwanazuoni wa Norway, Johan Galtung, alieleza katika makala yake ya mwaka wa 1969 kwamba kuna vurugu zisizo na mshikaji wa rungu: mpangilio wa jamii unaowanyima baadhi ya watu maji, matibabu au maisha marefu, ilhali hakuna anayeonekana akiwapiga. Kunyamaza kwa bunduki, kwa mujibu wa Galtung, ni amani pungufu. Amani timamu huhitaji mpangilio huo urekebishwe.

Ukiyaweka maelezo hayo mawili pamoja utaona kwamba yanazungumzia mtoto yule yule mwenye risasi mwilini.

ASILI ILIYOSAHAULIKA

Wapo wanaodai kwamba somo hili ni mtindo mpya uliobuniwa na wafadhili. Historia ya taaluma yenyewe inakanusha dai hilo.

Jane Addams, anayehesabiwa miongoni mwa waasisi wa ustawi wa jamii, alifungua nyumba ya Hull House jijini Chicago mwaka wa 1889 akishirikiana na Ellen Gates Starr. Mtaa huo ulikuwa wa wahamiaji maskini, na taka zilirundikana vichochoroni. Mnamo 1895 Addams aliteuliwa kuwa mkaguzi wa taka wa wadi ya 19, akawa anaamka alfajiri kuyafuata magari ya taka kuhakikisha kwamba kazi imefanywa. Mama huyo huyo alipinga Vita vya Kwanza vya Dunia, akatukanwa kwa msimamo wake, na mwaka wa 1931 akatunukiwa Tuzo ya Nobel ya Amani. Mkaguzi wa taka na mpatanishi walikuwa mtu mmoja.

Aliyeishi naye katika nyumba hiyo kuanzia 1897 alikuwa daktari Alice Hamilton. Mnamo 1910 Hamilton aliongoza uchunguzi wa jimbo la Illinois kuhusu magonjwa yanayotokana na kazi, na sumu aliyoishughulikia zaidi ilikuwa risasi. Wenye viwanda walipokana kwamba wafanyakazi wao walikuwa wakiugua, aliwafuata wagonjwa majumbani mwao. Mbinu yake ndiyo ambayo mwanafunzi wa leo huiita ziara ya nyumbani.

Baadaye taaluma ilijikunja. Mary Richmond alipochapisha mwaka wa 1917 kitabu chake kuhusu uchunguzi wa matatizo ya kijamii, aliipa kazi hii utaratibu na heshima iliyohitaji, lakini jicho la wengi likaelekea kwa mtu mmoja na aila yake. Neno mazingira likabaki vitabuni, ila maana yake ikawa wazazi, marafiki, shule na mwajiri. Hewa, udongo na maji vikaachwa nje ya mlango.

Hapa Kenya taaluma ina doa lake, ambalo wahadhiri wengine hulipita haraka. Wakati wa vita vya Mau Mau, serikali ya kikoloni iliunganisha kazi ya maendeleo ya jamii na ile ya kuwarekebisha waliozuiliwa kambini, chini ya afisa Thomas Askwith. Waliozuiliwa walifunzwa ufundi, usafi na uraia mwema. Kiini cha malalamiko yao, yaani ardhi, hakikuwa katika ratiba ya mafunzo. Askwith mwenyewe aliondolewa katika jukumu hilo baada ya kupinga ukatili uliokuwa ukitendeka kambini.

Kumbukumbu hiyo inafaa iwe katika muhula wa kwanza. Inamwonyesha mwanafunzi kwamba maneno mazuri kama urekebishaji, maridhiano na utulivu yanaweza kuajiriwa kumnyamazisha mtu aliyenyang'anywa shamba lake.

Kimataifa, mwelekeo umebadilika. Katika mkutano wa Melbourne, Australia, Julai 2014, mashirikisho ya dunia ya wafanyakazi na ya vyuo vya ustawi wa jamii yaliidhinisha fasili mpya ya taaluma, inayotaja haki za kijamii, haki za binadamu na uwajibikaji wa pamoja kuwa nguzo zake. Kati ya 2016 na 2018 ajenda ya pamoja ya mashirika hayo ilijikita katika uendelevu wa jamii na mazingira. Baraza linaloidhinisha mafunzo ya taaluma hii nchini Marekani liliingiza haki ya mazingira katika viwango vyake vya mwaka wa 2015, na huko Uingereza Lena Dominelli alikuwa tayari ameandika mnamo 2012 kitabu kizima kuhusu ustawi wa jamii wa kijani. Mwaka wa 2021 kaulimbiu ya siku ya kimataifa ya taaluma ilikuwa ubuntu, dhana ambayo Mswahili huitambua mara moja katika neno lake la utu.

Viwango ni karatasi, lakini. Kinachomfunza mwanafunzi ni kisa.

OWINO UHURU DARASANI

Humu nchini ni vigumu kupata kisa kinachofaa zaidi ya kile cha Owino Uhuru, kijiji cha watu wa kipato cha chini katika eneo la Mikindani, Kaunti ya Mombasa. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari ili kupata risasi kilijengwa ukutani mwa kijiji hicho. Moshi ulitua juu ya mabati na nguo zilizoanikwa, na maji machafu yakapita katikati ya makazi.

Mnamo 2009 Phyllis Omido aliajiriwa na kiwanda hicho, na miongoni mwa kazi zake ikawa kushughulikia ripoti ya athari za mazingira. Ripoti ilionyesha kwamba mahali hapo hapakufaa. Muda si muda mwanawe mchanga akaugua, akatibiwa maradhi haya na yale bila nafuu, hadi vipimo vikaonyesha risasi katika damu yake. Omido aliacha kazi, akaanza kuwapeleka watoto wa majirani kupimwa, na baadaye akaanzisha shirika la kutetea haki na mazingira.

Mwaka wa 2012 alikamatwa pamoja na wakazi wengine walipokuwa wakiandamana, akashtakiwa kwa uchochezi, na hatimaye mahakama ikamwachilia huru. Kiwanda kilifungwa 2014. Mwaka uliofuata Omido alipokea Tuzo ya Goldman ya mazingira. Mnamo 2016 wakazi walielekea kortini, na Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Mombasa ikaamuru walipwe Sh1.3 bilioni, mzigo huo ukigawanywa baina ya kampuni na taasisi za serikali zilizozembea. Mahakama ya Rufaa ilibatilisha fidia hiyo 2023. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha.

Mhadhiri anaweza kukitumia kisa hiki kwa muhula mzima bila kukimaliza.

Aanze na mwili. Risasi huingia mwilini kwa vumbi linalomezwa na hewa inayovutwa. Mtoto huifyonza zaidi ya mtu mzima, na mwili huidhania kuwa kalisi, ukaihifadhi mifupani. Mama mjamzito huipitisha kwa aliye tumboni. Hudumaza ubongo, hupunguza damu, huleta ukali wa tabia na udhaifu wa kukumbuka. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama.

Sasa mwanafunzi na aulizwe: mtoto huyo angefika ofisini kwako kwa jina gani? Hangefika kama mwathiriwa wa uchafuzi. Angeletwa na mwalimu mkuu kwa kosa la utovu wa nidhamu, au na muuguzi kwa sababu hanenepi, au na nyanya anayelalamika kwamba mama yake amemtelekeza. Faili ingeandikwa utundu, utapiamlo au malezi duni. Mama angepewa ushauri nasaha na kurejeshwa katika moshi ule ule.

Hilo ni kosa la kitaaluma, tena zito, kwa sababu humtwika mzazi lawama isiyo yake. Fomu ya kumpokea mteja inayouliza dini, kabila na idadi ya ndugu, bila kuuliza maji yanatoka wapi na kuna nini upande wa pili wa ukuta, ndiyo inayolizaa kosa hilo. Kuongeza maswali manne au matano katika fomu hakuhitaji ruhusa ya wizara.

Kisha waende kwenye ushahidi. Jaa la Dandora, lililofunguliwa Nairobi katika miaka ya sabini, lilitiliwa maanani zaidi baada ya uchunguzi wa Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira mwaka wa 2007. Watoto na vijana 328 walichunguzwa, na nusu yao wakapatikana na risasi ya zaidi ya mikrogramu 10 kwa desilita ya damu. Wakazi walikuwa wamelalamika miaka nenda miaka rudi, lakini takwimu zilisikika kuliko kikohozi. Mwanafunzi hafundishwi kuwa mkemia. Hufundishwa kutunza daftari la tarehe, la majina ya waliougua na la pale upepo unapoelekea, ili mkemia na wakili wakija wakute mahali pa kuanzia.

Sheria nayo isiachiwe kitivo cha sheria. Kifungu cha 42 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Kifungu cha 70 kinamruhusu yeyote kwenda mahakamani haki hiyo inapokiukwa au kutishiwa, na hakimlazimu kuthibitisha kwamba kuna mtu aliyekwisha kudhurika. Sharti hilo la mwisho wachache wanalijua. Maana yake ni kwamba kijiji hakihitaji kusubiri jeneza la kwanza.

Jambo la tatu ndilo linalounganisha somo hili na amani. Waandamanaji waliokuwa wakidai watoto wao waokolewe ndio walioitwa wachochezi. Darasa likiulizwa ni nani aliyevuruga amani pale Owino Uhuru, jibu la haraka litatoka kwa wale waliozoea kuona amani kama barabara isiyo na watu. Wengine watauliza amani ilikuwa wapi wakati moshi ulipokuwa ukiingia madirishani. Mjadala huo usifungwe upesi. Mwanafunzi atakayeajiriwa na kaunti au na kampuni ataitwa siku moja kutuliza wananchi, naye anahitaji kuwa amekwisha kujiuliza anawatuliza kwa faida ya nani.

MALKA NA SOKO

Kaskazini mwa Mombasa, katika Delta ya Mto Tana, somo linabadilika sura. Huko hakuna bomba la moshi la kunyoshea kidole. Kuna mto mmoja, wakulima wa Kipokomo wanaolima kingoni, na wafugaji wa Kiorma ambao ng'ombe wao hushuka kunywa kupitia njia zinazoitwa malka. Malka ikilimwa, mifugo hupita katika mahindi. Mahindi yakiliwa, panga hutoka.

Kati ya Agosti 2012 na mwanzo wa 2013 zaidi ya watu 100 waliuawa. Katika shambulio la Riketa pekee, Agosti 22, 2012, waliokufa walizidi 50, wengi wao wanawake na watoto. Magazeti yaliandika habari za kabila dhidi ya kabila, na hilo lilikuwa kweli kwa kiasi chake. Hata hivyo, mabwawa yaliyojengwa mtoni upande wa juu tangu miaka ya sitini, likiwemo lile la Masinga lililokamilika 1981, yalikuwa yamebadilisha mafuriko ya msimu yaliyorutubisha mashamba na malisho ya delta. Umeme ulikwenda mbali, hasara ikabaki mtoni. Mipango ya mashamba makubwa ya miwa na ya mimea ya mafuta nayo iliwatia wakazi hofu ya kupoteza ardhi. Juu ya hayo kulikuwa na uchaguzi uliokaribia.

Afisa anayefika hapo akiwa amefunzwa upatanishi tu atawaketisha wazee, watapeana mikono, picha zitapigwa, na kiangazi kijacho malka itakuwa bado imefungwa. Aliyefunzwa mazingira tu atapima kina cha maji, asijue kwamba mjane wa upande huu hawezi kuketi mkekani na mjane wa upande ule hadi jambo fulani lisemwe kwanza. Kazi inawahitaji wote wawili katika mtu mmoja.

Mfano wa mtu wa aina hiyo haupaswi kutafutwa ng'ambo. Ukame wa 1991 na 1992 uliangamiza mifugo Wajir, na wizi, ulipizaji kisasi na mauaji baina ya koo vikafuata. Mjini Wajir uhasama uliingia hadi sokoni, wanawake wa koo tofauti wakawa hawauziani. Mnamo 1993 kundi la wanawake, akiwemo Dekha Ibrahim Abdi, lilianza na soko hilo. Walikubaliana kwamba mwanamke yeyote, wa ukoo wowote, auze na kununua bila kusumbuliwa, wakaunda kamati ya kusimamia makubaliano hayo. Kisha wakawaendea wazee, wazee wakatia sahihi Azimio la Al-Fatah mwezi Septemba mwaka huo, vijana na maafisa wa serikali wakaingizwa, na kufikia 1995 juhudi zote zikaunganishwa katika kamati moja ya amani na maendeleo ya wilaya.

Mpangilio huo ulikuja kuigwa katika wilaya nyingine, na baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa 2007 kamati za amani zikaenezwa kote nchini. Dekha alitunukiwa Tuzo ya Right Livelihood mwaka wa 2007, akafariki 2011 kufuatia ajali ya barabarani. Alikuwa miongoni mwa waandishi wa kitabu cha mwongozo wa kushughulikia migogoro kilichochapishwa mwaka wa 2000 na kutumika katika mataifa mengi. Ni ajabu kwamba mwanafunzi wa Kenya anaweza kuhitimu akiwa amekariri majina kumi ya wanazuoni wa ughaibuni na asilisikie la mama huyo wa Wajir.

Jina la Wangari Maathai hulisikia, lakini mara nyingi katika muktadha wa miche tu. Maathai alianzisha Vuguvugu la Ukanda wa Kijani mwaka wa 1977. Ghasia za kikabila zilipozuka Bonde la Ufa katika miaka ya tisini, vuguvugu hilo lilizipa jamii zilizohasimiana miche ya kupanda kama miti ya amani. Alipopewa Tuzo ya Nobel ya Amani 2004, wapo waliouliza miti inahusianaje na vita. Wakazi wa Molo na Burnt Forest hawakuhitaji kuelezwa.

Na miti yenyewe yaweza kuwa chanzo cha dhuluma. Waogiek wa msitu wa Mau walifurushwa kwa jina la uhifadhi, wakashtaki, na Mei 26, 2017 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu mjini Arusha ikaamua kwamba haki zao zilikiukwa. Juni 2022 ikaamuru walipwe fidia. Novemba 2023 familia za Waogiek zilifurushwa tena. Mwanafunzi anayedhani kwamba kijani daima ni upande wa haki anafaa apewe hukumu hiyo aisome usiku mmoja.

KUTOKA DARASANI HADI NYANJANI

Ufundishaji wa somo hili hauhitaji maabara. Njia iliyo rahisi, na pengine bora kuliko zote, ni matembezi. Wanafunzi hutembea na wakazi, mwanamke mmoja, kijana mmoja na mzee mmoja, wakichora ramani ya visima, mitaro, majaa, malango ya viwanda na vijia vya mifugo. Kila mmoja wa watatu hao huonyesha mambo ambayo wengine hawayataji. Mama hujua mahali maji yanaponuka, kijana hujua wanapomwaga usiku, mzee hujua shamba lilikuwa la nani kabla ya ukuta kujengwa. Ramani tatu zikiwekwa juu ya meza moja, tofauti zake huwa ndizo mada ya mhadhara unaofuata.

Njia nyingine ni kuorodhesha yanayowatenga watu na yanayowaunganisha kabla ya kuanzisha mradi wowote, kama alivyopendekeza Mary Anderson mwaka wa 1999 alipochunguza jinsi misaada inavyoweza kuchochea vita. Kisima kinachochimbwa upande mmoja wa mpaka wa koo mbili ni msaada kwenye ripoti na uchokozi kwenye ardhi.

Kikwazo kikubwa kiko katika mafunzo ya nyanjani. Kwa desturi wanafunzi hupelekwa hospitalini, katika ofisi za watoto, magerezani na kwenye mashirika ya misaada. Ni nadra kumkuta katika afisi ya mazingira ya kaunti, katika kamati ya amani, au katika jumuiya ya watumiaji maji. Sababu mojawapo ni kwamba kanuni za vyuo humtaka msimamizi awe mwenye shahada ya ustawi wa jamii, na afisi hizo hazina mtu kama huyo. Suluhu ipo: msimamizi wawili, mmoja wa taaluma kutoka chuoni na mwingine wa kazi kutoka afisini. Inahitaji nauli na saa za mhadhiri, na hapo ndipo mazungumzo na wakuu wa vyuo huwa magumu.

Usalama nao si jambo la kubeza. Mwanafunzi asiende peke yake kuchota sampuli nyuma ya kiwanda. Asimwahidi mtu fidia. Matokeo ya damu ya mtoto ni siri ya mtoto na mzazi wake. Mtaa ukishajulikana kuwa wa watoto wenye sumu, wapangaji huhama na watoto huitwa majina shuleni. Kiwanda kikiwa ndicho kinachowalisha baadhi ya majirani, anayedai kifungwe na anayehofia kibarua chake huishi katika ploti moja, na afisa atakayempuuza wa pili atakuwa amewasha moto wake mwenyewe. Mahali pa kuanzia ni kuwasikiliza wote wawili kuhusu jambo ambalo hawatofautiani: hakuna anayetaka mtoto wake anywe yale maji.

Halafu kuna lugha. Wanafunzi husoma kwa Kiingereza, hufanya mtihani kwa Kiingereza, kisha hutumwa kuzungumza na nyanya wa Mikindani au mfugaji wa Garsen. Vyuo vichache huwapa zoezi la kueleza kwa Kiswahili sanifu, au kwa lugha ya eneo, maana ya tathmini ya athari za mazingira, sumu inayojikusanya mwilini au ridhaa ya mgonjwa. Zoezi hilo lingegundua mapema kwamba neno risasi linahitaji maelezo, na kwamba neno amani, kwa mtu aliyefurushwa mara mbili, huenda likasikika kama amri ya kunyamaza.

Kuna tatizo moja ambalo mtaala peke yake hauwezi kulitatua. Mafunzo ya nyanjani huchukua takriban miezi mitatu. Risasi iliyojificha mfupani hukaa miongo, na kesi ya Owino Uhuru ilichukua zaidi ya miaka minane kutoka kuwasilishwa kwake hadi uamuzi wa mwisho. Mwanafunzi huondoka na alama zake akiacha nyuma watu waliomfungulia milango na kumtajia majina ya wafu wao.

Idara zinazolichukulia somo hili kwa uzito zinaweza kuanzia hapo: daftari la kila kijiji libaki afisini, si mkobani mwa mwanafunzi, nakala yake ikae kwa kamati ya wakazi, na kundi linalofuata lianze pale la kwanza lilipoachia, likiwa na orodha ya watoto waliokwisha kupimwa, waliosubiri kupimwa, na jina la afisa aliyepokea barua ya mwisho pamoja na tarehe aliyoahidi kujibu.